Kuandaa Wasilisho Kuhusu Kukua kwa Usanii Wako: Maelezo kwa Wanafunzi wa Uhuishaji

Utangulizi

Miongoni mwa wanafunzi wanaosoma Kiswahili katika vyuo vya hapa Uganda, wako wengi ambao somo lao kuu si lugha. Wako wa biashara, wa utalii, wa uandishi wa habari, na sasa wako pia wa sanaa na uhuishaji. Hawa wa mwisho hukabiliwa na kazi moja ambayo huwasumbua kuliko mtihani wa kuandika: kusimama mbele ya jopo la walimu na kueleza kwa Kiswahili, kwa muda wa dakika kumi hivi, jinsi walivyokua kama wasanii tangu walipoanza masomo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kuandaa wasilisho la aina hiyo. Tumeona ni vema kulishughulikia jambo hili kwa sababu mwanafunzi anaweza kuwa na kazi nzuri sana mezani kwake, lakini jopo lisiione kwa kuwa aliyeifanya hakuweza kuieleza. Walimu wanaomsikiliza hawakuwapo usiku ule alipokuwa akirudia mchoro uleule mara ya ishirini. Wanachokiona ni filamu ya nusu dakika na mtu aliyesimama kando yake. Yote yaliyobaki yanategemea maneno.

Aidha, suala hili ni kubwa kuliko alama za darasani. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya nchi, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitekelezwe hivyo na kifundishwe shuleni. Kama lugha hii itatumika kweli katika kazi za watu, basi hatuna budi kuizoea katika kazi zenyewe, na si katika salamu na methali peke yake.

Uhuishaji na istilahi zake

Neno uhuishaji limetokana na kitenzi huisha, yaani kutia uhai au kurudisha uhai. Mhuishaji basi ni mtu anayekitia uhai kitu kisicho na uhai: mchoro, kikaragosi cha udongo, kipande cha karatasi kilichokatwa, au umbo lililojengwa ndani ya kompyuta. Katuni na kibonzo ni majina ya kile kinachotazamwa. Uhuishaji ni jina la kazi inayofanywa. Wanafunzi wengi huchanganya haya mawili na kusema “ninasomea katuni”. Si kosa kubwa, lakini mbele ya jopo ni afadhali kusema “ninasomea uhuishaji”, kwa sababu sentensi hiyo inaonyesha kwamba unaijua kazi na si matokeo yake tu.

Filamu kwa kawaida hupita mbele ya macho kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Mhuishaji anayechora kwa mkono mara nyingi huutumia kila mchoro kwa fremu mbili, kwa hiyo huhitaji michoro 12 kwa sekunde moja. Hesabu hii ni ndogo lakini ina nguvu mbele ya wasikilizaji. Filamu ya sekunde 30 ina fremu 720, na hata ukitumia kila mchoro mara mbili, hiyo ni michoro 360. Mwanafunzi anayeanza kwa kulieleza jopo hesabu hiyo hana haja tena ya kusema “nilifanya kazi kwa bidii”.

Kuhusu istilahi nyingine, tunapendekeza mwanafunzi ajitayarishie orodha yake mapema. Michoro inayoonyesha hatua muhimu za tendo huweza kuitwa michoro mikuu. Ile inayojaza nafasi baina yake huitwa michoro ya kati. Picha ndogo zinazopangwa kwa mfuatano kabla ya kazi kuanza ni michoro ya mpangilio wa hadithi. Pale ambapo huna neno, eleza jambo lenyewe kwa lugha nyepesi. Ni bora kusema “mwili unabonyea unapogusa chini kisha unanyooka” kuliko kutamka neno la kigeni ambalo nusu ya wasikilizaji hawalijui.

Wasilisho hili linadai nini?

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni mwanafunzi kudhani kwamba ameombwa aonyeshe kazi zake nzuri. Hapana. Ameombwa aeleze kukua kwake, na kukua ni mabadiliko baina ya nyakati mbili. Anayeonyesha kazi nzuri peke yake ni kama mkulima anayekuletea gunia la mahindi ulipomwomba akueleze alivyolima.

Kwa hiyo kila hoja katika wasilisho inapaswa kuwa na sehemu tatu: hali ilivyokuwa kabla, hali ilivyo sasa, na sababu iliyoleta tofauti. Sehemu ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ndiyo jopo linayoitafuta. Mtu akisema, “Mwaka wa kwanza sikujua kuchora mikono, sasa najua,” ametupa sehemu mbili tu. Tunataka kujua ni nini kilichotokea katikati. Je, alichora mikono yake mwenyewe kwenye kioo? Je, aligundua kwamba alikuwa akianza na vidole badala ya kuanza na kiganja? Sababu ikitajwa, msikilizaji huamini kwamba mabadiliko hayakuwa ya bahati, na kwamba mwanafunzi huyu anaweza kujifundisha jambo jingine kesho bila kushikwa mkono.

Kukusanya ushahidi

Maandalizi huanza muda mrefu kabla ya siku ya wasilisho, nayo huanza kwa kutotupa. Wanafunzi wengi huchana kazi zao za mwanzo kwa aibu, au huzifuta kwenye kompyuta ili kupata nafasi. Baadaye huja kutafuta ushahidi wa walikotoka wasiupate. Tunashauri kila mchoro uandikwe tarehe nyuma yake, na kila faili la kompyuta lihifadhiwe kwa jina lenye tarehe, badala ya jina kama “mpya” au “mwisho kabisa”.

Katika jambo hili msanii William Kentridge wa Afrika Kusini ni mwalimu mzuri. Katika filamu zake, ambazo mojawapo ya za mwanzo ilitolewa mwaka 1989, huchora kwa mkaa kwenye karatasi kubwa, hupiga picha, hufuta sehemu kidogo, huchora tena juu ya karatasi ileile, kisha hupiga picha nyingine. Mkaa haufutiki kabisa. Mtu akitembea katika filamu hizo huacha nyuma yake kivuli cha alipokuwa. Mtazamaji huona tendo la sasa pamoja na alama za matendo yaliyopita. Wasilisho kuhusu kukua kwa usanii linatakiwa lifanane na karatasi hiyo: kazi ya leo ionekane, na alama za jana zisifutwe zote.

Baada ya kukusanya, hatua inayofuata ni kuchagua. Hapa ndipo penye maumivu, kwa sababu kila kazi ina kumbukumbu yake. Lakini dakika kumi hazibebi kazi thelathini. Kazi tatu au nne zinatosha, mradi kila moja iwe na jambo lake la kusema. Jiulize: nikiiondoa kazi hii, je, kuna hatua ya safari yangu itakayokosekana? Kama haipo, iache nyumbani hata kama ni nzuri.

Mfano wa hoja iliyojengwa vizuri

Tutumie mfano wa kubuni. Tuseme kuna mwanafunzi ambaye katika mwaka wa kwanza alipewa zoezi la kumhuisha mtu anayetembea. Mtembeo hufundishwa kwa hatua kuu nne: mguu unagusa chini, mwili unashuka unapopokea uzito, mguu wa nyuma unapita wa mbele, kisha mwili unapanda kwenda hatua inayofuata. Hatua moja ya mtembeo wa kawaida huweza kuchukua fremu 12 hivi, yaani nusu sekunde. Mwanafunzi wetu alizichora hatua zote, lakini kichwa cha mtu wake kilibaki kimo kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, na miguu iliteleza juu ya ardhi kana kwamba imepakwa sabuni. Mtu yule alikuwa akielea, hakuwa akitembea.

Katika mwaka wa pili aliamua kumchora mzee anayebeba dumu la maji la lita 20 kwa mkono mmoja. Lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20, na uzito huo hauwezi kufichwa. Alikwenda kwenye bomba la mtaa akakaa asubuhi nzima akitazama na kuchora harakaharaka. Aliona kwamba anayebeba dumu kwa mkono wa kulia huinama upande wa kushoto. Mkono ulio huru hujitokeza nje ili kumpa mizani. Hatua huwa fupi, na mguu wa upande wa mzigo hukaa chini muda mfupi kuliko mwenzake. Aliporudi mezani, hakuanza tena na miguu kama alivyozoea. Alianza na kiuno, kwa sababu aliona kwamba uzito wote hupita hapo.

Sasa tazama anavyoweza kulieleza jambo hili mbele ya jopo: “Huyu ni mtu niliyemchora mwaka wa kwanza. Tazameni kichwa chake: hakipandi wala hakishuki. Na huyu ni mzee niliyemchora mwaka wa pili. Kiuno chake kinashuka kila anapokanyaga. Tofauti hii imetokana na asubuhi moja niliyokaa bombani nikitazama watu. Nilijifunza kwamba nilikuwa nikichora miguu, ilhali nilitakiwa kuchora uzito.”

Hizo ni sentensi sita. Hazina neno hata moja la kujisifu, lakini msikilizaji hawezi kuwa na shaka kwamba mwanafunzi huyu amekua. Vilevile, mwanafunzi hakuhitaji kutaja kanuni zote 12 za uhuishaji ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston waliziorodhesha katika kitabu chao cha mwaka 1981. Aliichukua moja iliyomgusa, akaionyesha ikifanya kazi.

Kuwataja waliokuathiri

Takriban kila wasilisho huwa na sehemu ya “wasanii walionivutia”, na mara nyingi sehemu hiyo huwa orodha kavu ya majina ya Marekani na Japani. Si vibaya kuathiriwa na Marekani au Japani. Tatizo ni kutaja jina bila kutaja ulichochukua. Kanuni yetu ni hii: kwa kila jina, onyesha kitu kimoja ulichojifunza na mahali kinapoonekana katika kazi yako.

Tena, ni vema mwanafunzi ajue kwamba bara hili lina historia yake katika fani hii. Moustapha Alassane wa Niger alitoa filamu fupi ya katuni kuhusu chura aliye rais, Bon Voyage Sim, mwaka 1966. Jean-Michel Kibushi wa Kongo alitoa mwaka 1991 filamu ya chura aliyekwenda kuwatembelea wakwe zake. Katika ukanda wetu, mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ulichukua sura yake kutoka kwenye mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Ng'endo Mukii wa Kenya alitoa Yellow Fever mwaka 2012. Jijini Dar es Salaam, Ubongo Kids ilianza mwaka 2014 kuwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Hapa Uganda, Raymond Malinga alitoa A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017, akiutumia mzuka ambao watoto wa shule za hapa wanaujua vizuri. Na mwaka 2023 filamu yake nyingine ilikuwa miongoni mwa kumi zilizokusanywa chini ya jina la Kiswahili, Kizazi Moto.

Mwanafunzi anayesema, “Kutokana na michoro ya Tingatinga nilijifunza kujaza mandhari yote kwa rangi na kumwacha mnyama mmoja atawale picha, kama mnavyoona katika fremu hii,” ametuambia jambo. Anayesema, “Ninawapenda sana wachoraji wa Kiafrika,” hajatuambia kitu.

Kugawa dakika kumi

Muda ni mfupi kuliko unavyodhaniwa. Mgawanyo ufuatao huweza kusaidia, ingawa si sheria:

Dakika ya 1: salamu, jina lako, na sentensi moja inayotaja badiliko kubwa kuliko yote katika usanii wako.
Dakika ya 2 na ya 3: kazi ya mwanzo, pamoja na udhaifu wake ukielezwa waziwazi.
Dakika ya 4 hadi ya 7: kazi moja kubwa, kuanzia michoro ya mpangilio wa hadithi hadi filamu yenyewe. Hapa ndipo pa kukaa.
Dakika ya 8: walioathiri kazi yako, wawili au watatu.
Dakika ya 9: jambo ambalo bado hulimudu.
Dakika ya 10: unakotaka kwenda, na shukrani.

Tumeiweka dakika ya tisa makusudi. Wanafunzi huogopa kutaja wasiloliweza wakidhani watapunguziwa alama. Lakini mtu anayeweza kutaja upungufu wake kwa usahihi ameshafika nusu ya njia ya kuuondoa. “Midomo ya wahusika wangu bado haiendi sawasawa na sauti wanapotamka b, m na p, kwa sababu ninachelewa kuifunga” ni kauli ya mtu anayejua kazi. Jopo huisikia kauli hiyo kwa heshima.

Lugha ya wasilisho

Hapa tunaingia katika uwanja wetu wenyewe, na tutakaa kidogo.

Kwanza, nyakati za vitenzi. Hadithi ya kukua ni hadithi ya nyakati, na Kiswahili kina vifaa vingi vya kuibeba. Tumia -li- kwa jambo lililotokea na kwisha: “nilimchora mbuzi”. Tumia “nilikuwa” pamoja na -ki- kwa mazoea ya zamani: “nilikuwa nikianza na macho”. Tumia -ka- kwa matukio yanayofuatana: “nikafuta, nikachora upya, nikamwonyesha mwalimu”. Tumia -me- kwa matokeo yaliyopo hadi sasa: “nimezoea kuanza na kiuno”. Na kwa dakika ya tisa kipo kiambishi cha thamani kubwa, -ja-: “sijamudu”. Ukisema “siwezi” umefunga mlango. Ukisema “sijaweza” umeuacha wazi. Tofauti hiyo ya silabi moja ndiyo maana nzima ya kukua.

Pili, upatanisho wa kisarufi. Neno wasilisho liko katika ngeli ya LI-YA: wasilisho hili, mawasilisho haya. Mchoro ni wa ngeli ya U-I: mchoro huu nimeuchora, michoro hii nimeichora. Filamu na katuni hufuata I-ZI. Lakini kuna jambo linalowatatiza hata wenye lugha: kibonzo. Unapozungumzia picha kama kitu, utasema “kibonzo hiki nilikichora kwa penseli”. Unapomzungumzia mhusika aliye ndani ya hadithi, mwenye kucheka na kukimbia, upatanisho hugeuka kuwa wa viumbe wenye uhai: “kibonzo huyu anacheka”. Ndani ya sentensi hizo mbili mna siri ya fani yote. Kazi ya mhuishaji ni kukitoa kitu katika “hiki” na kukifikisha kwenye “huyu”. Mwanafunzi akiutumia upatanisho huo kwa kujua, jopo litasikia katika sarufi yake kwamba ameielewa fani yake.

Tatu, matamshi. Wengi wa wanafunzi wetu lugha yao ya kwanza ni Luganda, ambamo r huandikwa baada ya e na i peke yake, na mahali pengine huwa l. Bahati mbaya ni kwamba maneno ya fani hii yamejaa r mahali ambapo Luganda ingeweka l: rangi, mchoro, kuchora, karatasi. Hata Luganda yenyewe imelipokea neno rangi kwa sura ya langi. Jopo litaelewa ukisema “langi”, lakini likirudiwa mara arobaini katika dakika kumi huanza kuvuta masikio kutoka kwenye kazi. Dawa yake ni kusoma wasilisho kwa sauti mbele ya mwenzako, naye apige meza kila r inapopotea.

Nne, adabu ya kujieleza. Tumelelewa kwamba kujisifu ni aibu, na wako wanaojificha nyuma ya methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Matokeo yake ni wasilisho la kunong'ona, mwanafunzi akiinamia karatasi. Njia ya kutoka hapo ni kuifanya kazi, badala ya nafsi, kuwa kiima cha sentensi. Badala ya “mimi ni hodari wa mwendo”, sema “mwendo wa mzee huyu unaonyesha uzito”. Hujajisifu, na hujajificha.

Tano, ukweli kuhusu kazi za pamoja. Filamu nyingi za wanafunzi hufanywa na watu watatu, wanne au zaidi. Kiswahili hakikuruhusu kujificha hapa, kwa sababu kiambishi cha nafsi kimo ndani ya kitenzi: ni lazima uchague “nilichora” au “tulichora”. Chagua kwa haki. Kauli nzuri ni kama hii: “Filamu hii tuliitengeneza watu wanne. Mandhari yalichorwa na wenzangu wawili, na sauti ilirekodiwa na mwenzetu mwingine. Mimi nilimhuisha mzee, kuanzia anapoingia hadi anapotua dumu.” Mwenzako huenda amekaa ukumbini akikusikiliza, na kesho mtahitajiana kazini. Jina la mtu likipotea katika wasilisho moja, huweza kupotea katika mengine yote.

Siku ya wasilisho

Mwaka 1914 Winsor McCay wa Marekani alipanda jukwaani na filamu yake ya dinosau aitwaye Gertie. Hakuiacha filamu ijionyeshe. Alisimama kando ya pazia, akamwamuru mnyama ainame, anyanyue mguu, naye mnyama akatii au akakaidi. Mwishoni McCay alionekana kama ameingia ndani ya picha na kubebwa na Gertie. Ili hayo yawezekane, maneno ya McCay yalipaswa kuangukia sekunde ileile na mwendo wa michoro. Alikuwa amefanya mazoezi.

Somo tunalolipata ni kwamba wasilisho na filamu hufanya kazi pamoja. Usizungumze juu ya filamu inapochezwa kwa mara ya kwanza. Nyamaza, wacha watazame. Kisha irudie, uisimamishe kwenye fremu unayotaka, ndipo ueleze. Usiandike aya nzima kwenye slaidi na kuisoma huku umelipa jopo mgongo. Slaidi yenye picha mbili, ya kabla na ya sasa, inatosha.

Upande wa vifaa, hifadhi kazi yako katika diski mbili tofauti, na ijaribu mapema kwenye kompyuta ileile itakayotumika. Pima sauti ukumbini. Na kwa kuwa umeme wetu tunaufahamu, njoo na michoro halisi kwenye karatasi. Tena, chukua michoro mikuu ya tendo moja pamoja na ya kati, uibane upande mmoja iwe kijitabu cha kupekua kwa kidole gumba. Umeme ukikatika, mzee wako ataendelea kutembea mkononi mwako.

Kuhusu maswali, mawili huulizwa karibu kila mara. La kwanza ni “Kwa nini uliamua hivi?” Jibu lake lianze na “kwa sababu”, si na “nilipenda tu”. La pili ni “Ungepewa nafasi tena, ungefanya nini?” Swali hili hujibiwa kwa -nge-: “Ningeanza na sauti kabla ya michoro, kwa kuwa ningejua mdomo ufunge lini.” Zoeza ulimi wako sentensi tano za namna hiyo usiku uliotangulia. Usipolielewa swali, omba kwa heshima lirudiwe: “Samahani mwalimu, naomba unirudilie swali.” Hakuna anayepunguziwa alama kwa kuuliza.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba wasilisho kuhusu kukua kwa usanii halihitaji maneno makubwa. Linahitaji kazi za zamani zilizohifadhiwa, kazi chache zilizochaguliwa, sababu iliyotajwa katika kila badiliko, na lugha inayozitendea haki nyakati na watu. Mwanafunzi aliye katika mwaka wa kwanza leo anaweza kuanza maandalizi yake jioni hii hii: achukue mchoro ule anaoutaka kuutupa, aandike tarehe nyuma yake, na auweke mahali ambapo panya na mvua havitaufikia.